Vumbi la Kumkaribisha Mgeni

Wewe, weka hiyo fagio chini kwanza. Na mwenzako hapo, aliyeshika blanketi akitaka kulikung'uta katikati ya sebule, naye aliweke chini. Fungueni dirisha, mkae, mnisikilize. Nimefagia na kupiga deki wodi za hospitali hapa Kitale maisha yangu yote ya kazi, mpaka magoti yakakataa. Sasa nimestaafu, niko nyumbani, naona mnayoyafanya kwa nyumba zenu na nashindwa kunyamaza.

Sisemi ninyi ni wachafu. Heri mngekuwa wachafu! Mtu mvivu akikaa, na vumbi lake linakaa. Shida yenu ni bidii. Mnafagia kavu, kwa nguvu, mlango umefungwa na watoto wako ndani, halafu jioni mnaulizana ni baridi gani hii imeshika mtoto. Jameni, baridi gani saa saba mchana?

Wacha niwaambie kwa nini naongea kwa uchungu. Kwa mwaka mzima nilikatazwa kukanyaga nyumba ya mwanangu Wafula huko Bungoma. Kila nikienda kumwona mjukuu wangu Nekesa, mtoto alibanwa na kifua. Nikirudi Kitale, anapona. Wakasema mimi nina jicho. Mimi, niliyemlea Wafula mpaka akaota ndevu, ati nina jicho la kumla mtoto wake. Nitafika huko, lakini kwanza lazima niwaambie habari ya Mama Rispa, maana bila yeye hamtaelewa mambo ya sahani.

Mama Rispa ndiye aliyekuwa mkubwa wetu sisi wafagizi. Kazi alijifunzia misheni, kule Lugulu, na alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Hiyo sauti ya chini ilikuwa mbaya kuliko kelele. Wiki yangu ya pili kazini tuliambiwa kuna wageni wakubwa wanakuja kutoka Nairobi kuangalia wodi. Nilikuwa msichana, nimetoka kijijini, naogopa kufutwa. Nikaamka mapema, nikachukua fagio ngumu, nikafagia kila mahali: chini ya vitanda, nyuma ya kabati, kwenye pembe ambazo hakuna mtu alikuwa amezifikia tangu jengo lijengwe. Nikakung'uta mablanketi wagonjwa wakiwa papo hapo kitandani. Nikapanguza madirisha na kitambaa kikavu. Sakafu iling'aa, bana. Nilisimama mlangoni nikijisifu moyoni.

Mama Rispa akaja. Hakuangalia sakafu hata kidogo. Alinishika mkono akanipeleka mahali jua la saa nne lilikuwa linaingia kwa dirisha, akanisimamisha kando yake.

"Angalia hapo kwa mwangaza," akasema.

Nikaangalia. Hewa yote ilikuwa inatembea. Vumbi, nyuzi za blanketi, sijui nini na nini, vyote vinapanda na kushuka polepole bila haraka.

"Umetoa hii kitu chini," akasema. "Sasa umeipeleka wapi?"

Kabla sijajibu, mzee mmoja wa kitanda cha tatu akaanza kukohoa. Halafu wa pili yake. Halafu mwingine kule mwisho. Mama Rispa aliwaelekezea tu kwa kidevu. Kisha akanyoosha mkono juu ya kabati akashusha sahani mbili nyeupe za bati, zile za kulia chakula, zilizopakwa mafuta magumu ya kupikia kidogo tu, kama mtu anapaka mkono. Moja aliiweka jana yake asubuhi akaitoa na kuifunika jioni. Nyingine aliiweka asubuhi hiyo, kabla sijaanza fujo yangu. Ile ya jana ilikuwa na vijidoa vichache. Ya leo ilikuwa imeshika rangi ya udongo.

"Hii hujafagia," akasema. "Hii umefagia. Chagua unataka wagonjwa wakule gani."

Nililia chooni. Lakini kutoka siku hiyo, sahani ikawa mwalimu wangu.

Alinifundisha mambo ambayo mnayaona madogo. Dirisha linafunguliwa kabla ya kazi kuanza, si baada. Unaanza juu unashuka, maana vumbi halipandi ngazi lenyewe, wewe ndiye unalipandisha. Kitambaa kinaloweshwa, kinakamuliwa mpaka kisidondoshe, halafu kinakunjwa mara mbili. Kikikunjwa hivyo una nyuso nane za kupanguzia, na uso mmoja ukichafuka unageuza. Ninyi mnachukua tambara kavu mnalipeleka mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mnambembeleza mtoto. Mkimaliza, vumbi limehama tu kutoka kwa meza mpaka kwa pua zenu. Na blanketi halipigwi kama bendera! Unalikunja ukilivuta kwako polepole, unalipeleka nje kwa kamba, na unasimama mahali upepo unatoka, si mahali unaenda. Kama hakuna maji ya kutosha, unarusha makapi ya majani chai yaliyo na unyevu, au magazeti yaliyolowa ukayararuararua, ndipo unafagia pole. Vumbi linajishika hapo.

Siku moja tuliletewa mashine ya kunyonya vumbi. Lo, tuliisherehekea! Mwenzangu Barasa alikataa mtu mwingine asiiguse. Alitembea nayo wodini kama amepewa gari. Sasa hiyo mashine ilikuwa na mfuko ndani wa kushika uchafu, na hakuna aliyemwambia Barasa kwamba huo mfuko unatakiwa kumwagwa. Wiki kadhaa zikapita. Mama Rispa akaweka sahani yake nyuma ya mashine Barasa akiwa kazini, akaitoa, akamwonyesha. Mashine ilikuwa inanyonya mbele na kutapika nyuma. Barasa aliitetea ati ni vumbi la zamani, ati yeye hahusiki nalo. Tulimcheka mpaka akastaafu.

Mama Rispa alipoenda kupumzika, nikapewa usimamizi. Hapo nikapata ugonjwa wangu mwenyewe, ugonjwa wa kidole. Sikuwa nasema mengi. Niliingia wodini nikapitisha kidole juu ya kabati, juu ya fremu ya mlango, juu ya chuma cha kitanda, nikakiinua nikakiangalia. Basi. Wasichana waliokuwa chini yangu walikuwa wakisikia viatu vyangu wanaanza kupanguza upya walichokwisha kupanguza. Mimi niliona ni heshima. Shikeni hapo kwa kidole, tutarudi.

Nilipostaafu nikaanza kuweka sahani kwangu nyumbani, maana muda ulikuwa mwingi. Niliweka moja karibu na kochi siku tumeketi tu tukisikiliza redio, na nyingine siku wajukuu wa jirani wameruka juu ya hilo kochi. Woi! Niliweka moja chumbani asubuhi nikitandika kitanda, na nyingine nikikunja nguo zilizokauka. Nguo safi, zimefuliwa, na bado sahani ilishika nyuzi. Hata kutembea tu kwa kapeti kunaamsha kitu. Mzee wangu alivumilia mpaka siku alikosa sahani ya ugali, akaniuliza kama siku hizi tunapakua hewa.

Na msimu wa mahindi sasa, hapo ndipo nataka kurarua nguo. Mnapukuchua mahindi ndani ya sebule! Najua, nje kuna mvua, na ukiacha gunia nje wezi hawalali. Lakini yale makapi mekundu mepesi yanayoruka, yanayowasha mpaka shingoni, mnafikiri yanaenda wapi mlango ukiwa umefungwa? Nimeingia nyumba moja hapa karibu nikakuta mama anapukuchua, mtoto mchanga amelala kwa kochi, na bibi anachokora jivu la jiko pale pale. Nikauliza kama wanataka niwaletee na saruji. Hawakucheka. Na wao hawakunialika tena.

Haya. Nekesa.

Wafula alioa msichana anaitwa Nasimiyu, wa kutoka Naitiri, mtaratibu, mwenye adabu kupita kiasi. Wakapanga nyumba Bungoma, kando ya barabara ya murram, isiyo na lami. Kwa harusi niliwapa kapeti nyekundu, ile ya manyoya marefu, unakanyaga mguu unazama. Nilichagua mimi mwenyewe na nilijivunia sana.

Nekesa akazaliwa, akakua. Alipofika miaka mitatu hivi nikaenda kukaa nao siku mbili. Nyumba niliikuta inang'aa. Kapeti yangu imetandikwa, vitambaa vyeupe viko kwa kila kiti, pazia zimenyooshwa. Nekesa akanirukia, "Kukhu! Kukhu!", yaani nyanya, akakaa chini kwa kapeti miguuni pangu. Jioni kifua chake kikaanza kupiga filimbi. Mabega yanapanda, mbavu zinaingia ndani. Tukakimbia naye hospitali.

Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu ilikuwa Krismasi, hivyo hivyo, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Daktari akasema ni pumu, akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akauliza kama nyumbani kuna moshi au vumbi. Nasimiyu akasema, "Daktari, kwangu hakuna vumbi. Uliza mama mkwe wangu, yeye ni mtu wa hospitali." Na mimi, na akili zangu zote hizi, nikashuhudia. Nikasema nyumba ya huyu msichana ni safi kabisa. Haki ya Mungu, nilisema hivyo mbele ya daktari.

Kuna jirani yao anaitwa Mama Faith, mlango wake unatazamana na wao. Huyo ndiye aliyehesabu. Alimwambia Nasimiyu, "Huyu mtoto si anacheza tu sawa miezi yote? Kwani anagonjeka lini? Si ni siku nyanya yake anakuja? Fungua macho, wewe." Nasimiyu hakutaka kuamini, lakini aliogopa. Mtoto wako akivuta pumzi namna hiyo, utaamini chochote.

Wafula akanipigia simu. Alizunguka kwanza, akauliza mvua, akauliza ng'ombe. Halafu akasema, "Mama, usikasirike. Wacha tukae kidogo bila wewe kukuja."

"Kidogo mpaka lini?"

"Tutaangalia tu."

"Wafula, unaniambia mimi ndio nagonjesha mtoto?"

Akanyamaza. Mwanangu mwenyewe akanyamaza. Ningependa angetukana.

Na sasa sikilizeni kilichoniumiza kupita hiyo simu. Mtoto alikaa vizuri. Miezi ikapita, hakukimbizwa hospitali hata mara moja. Nilikuwa nikimshukuru Mungu na kulia wakati mmoja. Nilianza kujitazama kwa kioo nikinawa uso, nikiuliza kama kweli kuna kitu ndani ya haya macho. Nilikumbuka kila mtoto niliyewahi kumtazama wodini. Niliacha hata kushika watoto wa watu kanisani. Nilikuwa nasema mgongo unauma.

Kisha Nekesa akamaliza masomo ya chekechea, na shule yao ikapanga sherehe, watoto wavae joho na kofia. Akakataa kwenda bila kukhu wake. Alilia siku mbili. Wafula akapiga simu, akasema nije Jumamosi saa saba, tule chakula, twende sherehe ya alasiri, na saa kumi na moja nirudi Kitale. Alinipangia masaa kama mtu anatembelea mfungwa. Nilikubali yote.

Jumamosi nilishindwa kungoja. Saa tatu asubuhi nilikuwa tayari nimefika mlangoni kwao. Mlango umefungwa. Madirisha yamefungwa, pazia zimeshushwa, na ndani nasikia pu! pu! pu! Nikabisha. Ile pu pu ikanyamaza.

"Nani?"

"Ni mimi."

"Woi, Mama, si ulisema saa saba!"

Alipofungua nilimwona Nasimiyu amejifunga leso kichwani na kitambaa puani. Kapeti yangu nyekundu imelazwa juu ya mgongo wa kochi, mpini wa fagio uko mkononi mwake. Vitambaa vya viti vimerundikwa mezani, ameshavikung'uta. Jua lilikuwa limepenya katikati ya pazia mbili, na katika huo mwangaza, wanangu, niliona wodi. Niliona hewa inatembea. Na kutoka chumbani, mlango ukiwa wazi, nikasikia filimbi ndogo ya kifua cha Nekesa. Alikuwa ameketi kitandani na kofia yake ya sherehe.

Sikusalimu mtu. Nilimbeba mtoto nikatoka naye nje, mbali na mlango, nikamketisha wima, nikaitisha dawa yake. Akavuta, tukangoja, akavuta tena. Mabega yakaanza kushuka. Rangi ya midomo ikarudi. Nilipoona anauliza kama kofia imepinda, ndipo nikaruhusu hasira yangu.

"Nasimiyu! Unafanya nini humu ndani?"

"Nasafisha, Mama!"

"Kila nikija unafanya hivi?"

"Sasa nisifanye? Mgeni akuje akute uchafu?"

"Hii kapeti inakaa wapi siku zingine?"

"Chini ya kitanda. Nimeikunja. Mama, hii ni yako, ya harusi. Mtu mwingine siwezi kumtandikia. Nakutandikia wewe tu."

"Chini ya kitanda tangu Krismasi ile?"

"Tangu ulipokuja."

"Na unafunga madirisha kwa nini? Hata moja huwezi kufungua?"

"Si huko barabarani ndio kuna vumbi! Na Mama Faith akiniona napiga kapeti siku ya mgeni, atajua haikuwa safi." Hapo machozi yakaanza. "Na ni wewe naogopa, Mama. Sio Mama Faith. Mara ya kwanza ulikuja, Nekesa hata hajazaliwa, uliingia tu, ukapitisha kidole kwa meza ya TV. Ukakiangalia. Hukusema kitu. Ungesema kitu afadhali. Kutoka siku hiyo, nikisikia unakuja, silali."

Mimi sikumbuki hiyo siku. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo, kwamba siikumbuki. Ilikuwa ni mkono tu, mazoea ya kazi. Lakini nilimwangalia vile amesimama, mpini wa fagio bado mkononi, na nikamkumbuka msichana mwingine aliyefagia kwa kuogopa wageni wa Nairobi mpaka wazee wakakohoa. Mimi angalau nilikuwa na Mama Rispa wa kunishika mkono. Huyu alikuwa na mimi, na mimi nilimletea kidole.

Nikamwambia, "Nisamehe, mama." Alishtuka kuliko vile angeshtuka nikimpiga.

Sherehe tulienda, na Nekesa akaimba kwa sauti kuliko wote. Lakini nilijua Wafula hataamini maneno matupu, na Mama Faith ndiyo kabisa. Kwa hivyo nikaahirisha Kitale. Nekesa akapelekwa Naitiri kwa mama yake Nasimiyu, akae kule siku chache. Mimi nikaomba sahani mbili nyeupe na mafuta.

Siku ya kwanza tuliweka sahani moja kwa meza ya sebuleni, hakuna mtu kufagia, hakuna mtu kukung'uta. Jioni nikaifunika. Siku ya pili nikamwambia Nasimiyu afanye kila kitu kama vile mimi nakuja kutoka Kitale. Kapeti, vitambaa, madirisha yafungwe, kila kitu. Akafunga kitambaa puani akaingia. Na mimi nikaenda kuketi mlangoni kwa Mama Faith, nikamwambia anilinde vizuri nisije nikaingia na hayo macho yangu. Aliona aibu kidogo, lakini alinilinda. Nilimaliza chai yake yote.

Baadaye tukaziweka sahani kando kando mbele ya Wafula na Mama Faith. Ya kwanza ilikuwa na madoadoa. Ya pili ilikuwa na manyoya mekundu ya kapeti, na udongo, na vitu vingine ambavyo sitawatajia kabla ya chakula. Wafula alikaa chini akashika kichwa. Mwanaume mzima akaanza kusema mama, mama, bila kumaliza sentensi. Nilimwacha aendelee kidogo, alistahili.

Mama Faith akainama akaangalia sana ile sahani ya pili. "Kwa hivyo," akasema, "ni kapeti ndio iko na jicho?"

"Eeh," nikamwambia. "Na mimi ndiye niliyeileta."

Hiyo kapeti iko Kitale sasa, nje, mbwa analalia. Tulifungua madirisha yote, tukapanguza kila kitu kwa kitambaa chenye maji, juu mpaka chini, nyuso nane, godoro likakaa juani siku nzima, ndipo Nekesa akarudi. Dawa yake bado anavuta kama daktari alivyosema, na kliniki anaenda. Asije mtu akasema kukhu alisema mtupe dawa mshike matambara. Nitamfuata kwake.

Nilimpa Nasimiyu sheria moja. Usafi wa mgeni unafanywa siku moja kabla, kwa maji, mtoto akiwa nje. Siku yenyewe ya mgeni, hakuna fagio kuguswa. Alisema hiyo ni ngumu, itakuwa aibu. Nikamwambia yangu ni ngumu zaidi.

Mwezi uliopita nilienda kumwonyesha kwamba naiweza. Nilifika bila mtu kunipangia masaa. Madirisha yalikuwa wazi, na kwa sababu barabara ni ya murram na piki piki zinapita mchana kutwa, meza ya TV ilikuwa imeshika vumbi jepesi tangu asubuhi. Niliiona kabla sijaketi. Niliyaona na makombo ya mandazi chini ya kiti. Mkono wangu ulikuwa unawasha, nawaambia ukweli, niliukalia.

Nekesa alikuwa ananionyesha vile anajua kuandika. Akakosa karatasi karibu, basi akaenda kwa meza ya TV, akapitisha kidole kutoka pembe mpaka pembe, akakiinua juu mbele ya kila mtu.

"Kukhu! Ona, vumbi!"

Wafula akageuka. Nasimiyu alikuwa ametoka jikoni na chupa ya chai, akasimama papo hapo mlangoni, macho yake kwangu. Nyumba nzima ilikuwa inangojea uso wangu.

Nilimvuta mtoto mpaka kwa magoti yangu. Nikakichukua kile kidole kidogo, nikakipanguza kwa sketi yangu ya kanisani. Alicheka, na nilikuwa nimemsogeza kifuani, nikasikia pumzi yake ikiingia na kutoka bila sauti yoyote.

"Nasimiyu," nikasema, "chai inapoa, mama."

Akaja, akamimina.